Kiatu Haisikii

Kabla hajagusa cherehani, mama fundi wa pale mtaa wa Biryogo huvua kiatu cha kulia na kukisukuma chini ya kiti. Cha kushoto hukiacha. Wanjira, aliyetumwa kuwatazama mafundi kazini ili abuni cherehani mpya, aliandika kila alichokiona: pini mdomoni, mkasi uliobanwa chini ya paja, futi inayoning'inia shingoni bila kazi maana mama yule hupima wateja kwa shubiri. Kuhusu kiatu aliandika neno moja tu: joto. Siku ya tatu, katikati ya mshono, mguu ule mtupu ukasimama ghafla juu ya pedeli. Fundi akainua kitambaa. Uzi ulikuwa umesagika, umeshikiliwa na unyuzi mmoja.

"Umejuaje, mama?"

"Kiatu haisikii, mwanangu," akajibu, pini zingali mdomoni. "Mguu iko inasikia uzi mbele ya kukatika."

Wanjira akafunua mchoro wake, uliokuwa uende kiwandani kesho yake. Akaitazama ile pedeli aliyoivisha mpira mnene ili fundi astarehe. Kumbe alikuwa amemshonea mama wa watu kiatu kingine, tena hiki kisichovulika.