Mawe Manne Tuliyoyapaka Chokaa

Shule ninayofundisha huku Katuba ndiyo iliyonisomesha. Ilijengwa kwa matofali mekundu, watoto wa wafanyakazi wa migodi na reli walipoanza kuwa wengi, na babu yangu alijigamba kwamba mengi ya matofali hayo aliyabeba yeye kichwani. Madarasa ya sita, yaani ya mwaka wa mwisho wa sekondari, yako nyuma kabisa, kando ya uwanja wa mpira. Humo nilijiandaa kwa mtihani wa serikali, na humo sasa nawaandaa wengine.

Mwaka huu, tuliporudi kutoka likizo ya Pasaka, tulikuta mawe manne ya saruji yamechimbiwa ardhini. Mawili yalikuwa karibu na goli, mawili nyuma ya madarasa ya sita. Kila moja lilikuwa na namba. Katika mji huu hata mtoto mdogo anajua jiwe lenye namba linataka nini: linataka kiwanja. Mimi nilijua nikajitia ujinga, nikajiambia labda ni mambo ya bomba la maji. Prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule, aliyaona kila asubuhi akienda kusalimu bendera, akaendelea na njia yake. Walimu wenzangu walianza kupita upande wa pili.

Wiki iliyofuata tukasikia mkaguzi wa mkoa anakuja. Prefe akanikabidhi salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, na wanafunzi wa darasa la sita. Mimi nikiona nyasi ndefu au ukingo mchafu napandwa na hasira, kila mtu shuleni ananijua hivyo. Tulifyeka, tukafagia, tukapaka chokaa mashina ya miti na kingo za njia. Kiongozi wa darasa, msichana mrefu asiye na maneno mengi, akanijia na ndoo.

"Mwalimu, na hizi majiwe ya namba?"

"Mupake yote. Inspekta iko anakuya kesho."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kupaka. Wenzake walizungushia maua. Yalipendeza, nami nikawasifu.

Mkaguzi alikuja, akaridhika, akaondoka. Siku tatu baadaye wanaume wawili waliingia na gari jeupe. Walipiga picha mawe yetu kwa simu, moja baada ya jingine, maua na yote. Hawakumsalimu mtu, hawakuuliza lolote, wala hawakuwa na haraka. Nilikuwa ubaoni, nikawaona kupitia dirisha, nikaendelea kuandika.

Jumatatu Prefe aliingia darasani kwangu na barua mkononi. Ofisi ya ardhi iliandika kwamba nusu ya uwanja pamoja na madarasa ya sita vina mwenyewe, na kwamba shule imekwisha kuikubali mipaka: imeipaka chokaa kwa mikono yake. Picha zilikuwa zimeambatishwa. Tungeweza kupinga kama tungethibitisha kwamba mtu mmoja alitoa amri hiyo bila ruhusa ya shule.

"Nani alibambia banafunzi bapake hizi majiwe?" aliuliza.

Alikuwa ananitazama mimi. Ingetosha jina langu tu kuandikwa kwenye jibu. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria nyumba yangu, nikageukia ubao. Nilikuwa mwoga, sina neno zuri zaidi la kusema.

Kiongozi wa darasa akasimama. "Ni shiye benyewe, Prefe. Tuliwaza iko ya masomo, ya shule."

Basi jibu likaandikwa hivyo, kwamba wanafunzi waliyapaka wenyewe. Ofisi ikajibu kwa mistari miwili: wanafunzi ndio shule.

Ukuta ulianza kupanda wiki hiyohiyo, mtihani wa serikali ukiwa karibu. Tulihamishia madawati barazani. Mimi na yule msichana tulishika dawati moja, yeye mbele, mimi nyuma, mafundi wakitungojea tutoke.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "miye nilikuuliza."