Miwani ya Zaina Msumarini

Siku niliyoanza kazi tulikuwa wanne katika karakana ya miwani ya hospitali: Mzee Kupaza aliyekuwa fundi mkuu; tabibu wa macho aliyekuja kuchukua miwani ya wagonjwa; mimi Athumani; na mdogo wangu Zaina, niliyemleta kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Baba na mama walikuwa wameshafariki. Mimi niliacha shule na chuo cha Kurani ili nilime na kutafuta kibarua.

Mzee Kupaza alimwona Zaina akisogelea kalenda ukutani hadi pua ikagusa karatasi.

"Huyu ananusa tarehe?"

"Shikamoo, mzee. Haoni mbali."

"Marahaba. Basi fagio lisubiri, tuanze na huyu."

Hivyo lenzi za kwanza nilizosaga maishani zilikuwa za Zaina. Wakati ule tulizichonga kwa mkono kwenye jiwe linalozunguka, maji yakidondoka ili kioo kisipate moto na kupasuka, kisha tukazipima kwa lensimita, kifaa cha kusomea namba ya lenzi. Zake zilikuwa nene pembeni kuliko fremu. Alipovaa alitoka nje akapiga kelele: "Kaka, kule ng'ambo ya bonde kuna watu wanalima!"

Mwaka huohuo aliweka nadhiri: akiweza kusoma, ataihitimu Kurani mwanzo hadi mwisho mara mbili, mara moja kwa ajili ya baba na mara moja kwa ajili ya mama. Nilisaga kila lenzi aliyoivaa mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, fremu za Dubai zilijaa sokoni na karakana yetu ikafungwa. Mwenye duka la miwani mjini Lushoto akanichukua. Siku moja alibandika picha ya jicho mlangoni.

"Fundi, jiwe lako linaenda kupumzika. Siku hizi wanapiga mwanga wa leza, mtu anatupa miwani."

Leza, alinieleza, huchonga konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ili nuru iangukie mahali pake. Zaina aliposikia hakulala.

"Kaka, nikiingia darasani asubuhi ya ukungu, miwani inaziba na watoto wanahamahama viti. Nikimaliza kuifuta, wametulia kama malaika."

"Lenzi ikiniharibikia nachukua nyingine," nikamwambia. "Jicho je?"

"Wewe unaogopa kukosa mteja."

Tulicheka, akaenda Nairobi kupigwa leza. Alirudi anaona mpaka ndege juu ya miamba. Mwenye duka akaitundika miwani ya Zaina kwenye msumari juu ya kaunta, kila mteja aione. "Hiyo ya Mwalimu Zaina. Hana habari nayo tena!"

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya raha. Alihitimu Kurani ya baba, tukapika pilau, akaanza ya mama. Kisha macho yakaanza kukauka na kuwasha kama yameingia mchanga. Taa za magari zikawa na duara. Mwishowe herufi zikawa zinapandana, akaja dukani.

"Nipe yangu ya msumarini."

Akaivaa. "Umebadilisha lenzi?"

"Sijaigusa."

Niliipima kwa lensimita mbele yake. Namba ilikuwa ileile. Nikatoa sanduku la lenzi za majaribio, nikamwekea moja baada ya nyingine, na kila mara alitikisa kichwa. Mwenye duka aliingia ndani. Kesho yake nikaukuta msumari umeng'olewa.

Daktari bingwa alituambia konea imekuwa nyembamba mno tangu ichongwe kwa leza, nayo imechomoza mwaka hadi mwaka. "Miwani hurekebisha jicho lililopinda kwa mpangilio," alisema. "Hili limepinda ovyo. Zamani vipimo vya kuyatambua mapema macho ya namna hii vilikuwa vichache." Lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho hakuzivumilia kwa ule ukavu. Jicho moja lilipandikizwa konea ya marehemu, mwili ukaikataa. Herufi zikampotea kabisa, akaacha kufundisha, na Kurani ya mama ikabaki njiani.

Wengi waliofanyiwa leza nimewaona wakisoma vizuri hadi leo, na siandiki kumtisha kijana yeyote. Lakini kila nililojua la kumsaidia mtu asiyeona, kwa Zaina halikufaa kitu.

Sasa nimestaafu. Watu walijitolea kumsomea mama, Zaina akakataa. "Nadhiri ni ya nyumba yetu." Basi nimevaa miwani ya kusomea niliyoisaga mwenyewe, nakaa na juzuu ya watoto, naanza upya na alifu. Yeye hunisahihisha kwa kusikiliza.

"Vuta hapo, kaka. Unaikata."

Navuta. Jana nilirudia ukurasa mmoja hadi adhana ya magharibi, na bado haukunyooka. Mwalimu wa madrasa anasema kwa umri wangu nisijisumbue. Zaina haniulizi nimefika wapi, kwa kuwa anasikia.

Baba tumemsomea. Mama bado.