Jicho la Pili la Kakakuona

Mtaa mzima unamwita dada yangu Kidole, kwa sababu hajawahi kushika brashi. Anabandika udongo ukutani kwa vidole, anamfinyanga mnyama mpaka anatokeza kama anayetaka kuondoka zake, kisha anampaka rangi za majivu, mkaa na mawe ya kusaga. Ufundi huu ni wa ukoo wetu tangu enzi za mababu. Twiga wake yuko shuleni, nyati wake yuko sokoni, na mimi mdogo wake ndiye mchekecha udongo na mlalamikaji mkuu.

Ukoo una sharti moja. Jicho huwekwa mwisho kabisa, na anayeliweka lazima awe amemwona mnyama huyo akiwa hai. Pasipo jicho, hilo ni tope tu. Ndiyo maana kakakuona, mnyama tunayemheshimu kuliko wote, hakuwapo kwenye ukuta wowote wa mji wetu. Wengi tumemsikia tu. Katika familia nzima aliyebaki kati ya waliomwona ni Mama, tena alipokuwa msichana, na sasa Mama haoni. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Kidole alikuwa na hofu hiyo moja: siku Mama akiondoka, kakakuona ataondoka naye.

Basi muuguzi mkuu wa zahanati alipotuomba mnyama wa kupamba ukumbi ambamo akina mama hungoja na watoto wao, Kidole hakumwacha hata amalize. "Kakakuona," alisema. Nilimkanyaga mguu, wala hakujali.

"Na macho?" nilimuuliza tulipotoka nje.

"Mama ataweka."

"Mama hata kikombe chake anakitafuta kwa kupapasa."

"Basi atapapasa."

Jamani, kazi ile ilikuwa tamu. Kila tulipokwama tulikimbilia jikoni, Mama akichambua mboga, na Kidole akimhoji kama askari. Alisimamaje? "Kwa miguu ya nyuma, alikuwa amenielekea," Mama alijibu. Na mikono? "Ameikusanya kifuani, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi akashikwa na haya," alisema Mama, akainuka, akatembea hivyo jikoni mpaka tukacheka machozi yakatutoka. Magamba je? Yamelaliana kama vigae. Kidole alirudi ukutani mbio, nami nyuma na ndoo yangu, nikilalamika kwa mazoea tu, maana moyoni nilikuwa na furaha kama mtoto.

Asubuhi ya kufungua ukumbi, Mama akagoma. Tulikuwa tumeshamfikisha mbele ya ukuta, mkaa uko tayari kwenye kibakuli, mabenchi yamejaa.

"Mkono ukiteleza nitakuwa nimemharibu," alisema. "Mimi ni kipofu, wanangu. Tusidanganyane."

Kidole akamshika Mama mkono, akauweka kwenye mkia. "Huyu hahitaji kutazamwa, Mama. Mguse."

Mama akaanza kupanda. Kiganja chake kilipita gamba moja baada ya jingine, kikafika kwenye ile mikono iliyokusanywa kifuani, kikasimama hapo. Uso wake ukakunjuka. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa." Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, watoto wamebebwa mabegani waone, na muuguzi mkuu amesahau kuita anayefuata. Nikaweka ndoo chini. Mama alichovya kidole kidogo kwenye mkaa, akapapasa paji la uso la mnyama, akashuka kidogo, akabonyeza.

Likakaa. Jicho dogo, jeusi, mahali pake hasa, na mnyama akawa anatutazama. Nililia bila aibu.

Mama akafuta kidole kwenye kanga, akarudi nyuma. Bado jicho moja.

"Hilo la pili ni lako," alimwambia Kidole.

"Mama, mimi sijamwona."

Mama akanyoosha mkono, akagusa tena ile mikono ya haya pale kifuani.

"Sasa huyu ulimtoa wapi?"

Kidole akachovya kidole kwenye mkaa.