Niliezua nyumba ya bibi nikidhani kijiji kinanipora, kumbe ilikuwa inamsubiri nesi

Wakuu, naanza na upumbavu wenyewe ili msije kusema nimeuficha: niliezua mabati ya nyumba nzima kabisa, kwa kuogopa kunyang'anywa nyumba ambayo miaka yote nilikuwa siikanyagi. Chumvi siongezi. Ningeongeza, ningejipendelea.

Mimi ni mtu wa ndani. Nakaa Kanyenye, Tabora mjini, na safari yangu ndefu ni kochi hadi dukani. Mke wangu anasema nikipotea hatatangaza redioni, atainua tu mto wa kochi.

Sasa, marehemu bibi aliniachia nyumba kijijini, ukielekea Urambo, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Tofali za udongo, kuta nene, baraza pana.

Zamani wapita njia walikuwa wanalala pale. Siku hizi hata basi halisimami. Vijana tumehama, nyumba zina kufuli, na zahanati waliyoijenga wananchi wenyewe ina kila kitu isipokuwa nesi. Kila anayepangiwa anatafuta pa kulala, anakosa, anaomba uhamisho.

Serikali ya kijiji ikaja na mpango: nyumba zilizofungwa waazimwe watumishi. Wakae bure, wazikarabati, nyumba ibaki ya mwenyewe. Ukaitwa mkutano wa wenye nyumba.

Mimi? Jua lilikuwa kali, wakuu.

Nikasubiri habari kwenye grupu la ukoo. Binamu yangu, ambaye naye hakwenda, akaandika: "Nyumba zote zenye paa zisizo na mtu, kijiji kinachukua." Basi. Sikuuliza swali hata moja. Damu ikachemka nikiwa nimejilaza.

Kwetu mtu akihama moja kwa moja anaezua bati lake anaondoka nalo. Zikibaki kuta tupu, hakuna anayeziita nyumba tena. Nikajiona nina akili kuliko halmashauri nzima. Nikakodi gari dogo la mizigo, kirikuu, na fundi, kabla ya jioni tumemaliza.

Mama Kulwa, jirani wa bibi niliyemwachia ufunguo wa akiba, alikuja mbio mbio akijifunga khanga. "We baba, unafanya nini? Mbona tumeshafagia humo!"

"Shikamoo mama. Nachukua changu."

Hakuitikia marahaba.

Nilidhani wamefagia ili waniibie. Kumbe walikuwa wamemfagilia nesi. Alishaiona nyumba, akaipenda, alikuwa anakuja na mwanawe wiki ileile. Akafika akakuta mbingu. Akapelekwa kijiji kingine.

Mvua zilipoanza, udongo ukalainika, ukuta wa mbele ukalala chini na baraza lake. Mabati yako hapa uani, mke wangu kila siku ananiuliza tutayala na mboga gani.

Halafu binti wa Mama Kulwa akashikwa na uchungu. Zahanati imefungwa. Wakampakia kwenye pikipiki, barabara matope matupu, akajifungulia porini. Kwa rehema za Mungu yeye na mtoto wako hai. Lakini mimi tangu nipate habari ile, kochi langu halina raha.

Nilichojifunza: tunalalamika vijiji vinakufa, na funguo tumezishika sisi tuliohama. Ukiitwa mkutano wa kijiji kuhusu nyumba yako, nenda. Usitumiwe muhtasari na mvivu mwenzako.

Nataka kujenga upya, ila sijui nesi mwingine atakubali lini kuja. Kama kijijini kwenu walijaribu mpango wa namna hii, tuelezeni mlifanyaje. Matusi pia yanapokelewa, ila mmechelewa.

Mama Kulwa ameshawatangulia. Juzi nilimpelekea sukari na nguo za mtoto. Akapokea kwa mikono miwili, akaniangalia, akasema hivi, neno kwa neno:

"Asante kwa sukari. Ila wewe kuishi hapa hutaki, na aliyetaka kuishi umemfukuza. Sasa huyu mtoto akiugua, nimlete kwako Kanyenye umtibu?"