Mjane Mwenye Mume

Phanice Adongo wa Osiri alifanywa mjane asubuhi ya Jumanne moja mwaka 2017, na mumewe Nicholas alikuwepo. Tena hakuwepo tu, alisaidia. Wageni wa shirika moja la misaada walikuwa wamefika machimboni wakitokea ofisi yao ya Homa Bay, wakiwa na mpiga picha kutoka ng'ambo, na mpiga picha huyo alihitaji mtu mrefu wa kumshikia kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga wa jua. Nicholas alikuwa mrefu kuliko wote waliokuwa wamesimama pale, basi akakabidhiwa kitambaa.

Phanice wakati huo alikuwa mponda mawe. Wanaume waliyatoa mawe shimoni, wanawake wakayaponda kwa nyundo hadi yakawa changarawe, ndipo yakapelekwa kwenye kinu kusagwa na kutafutwa dhahabu. Ilikuwa kazi ya vumbi na malengelenge, na Phanice aliifanya huku akipiga domo tangu asubuhi mpaka jioni. Wenzake walisema siku asipokuja, mawe huwa magumu zaidi.

Siku hiyo alikuwa amevaa raba. Akaambiwa avue. Alikuwa anacheka. Akaambiwa asicheke.

"Fikiria jambo la huzuni, mama," mkalimani alimsihi.

Phanice akamfikiria mbuzi wake aliyeibwa wiki iliyotangulia, jike lenye mimba. Uso ukamshuka. Mpiga picha akafurahi mno, akapiga tena na tena, na Nicholas, upande wa pili wa kitambaa, akakishikilia kisipeperuke.

Baadaye ikaletwa fomu. Phanice alisoma mpaka kidato cha pili, kwa hiyo alinyoosha mkono apewe kalamu. Hapana, wakamwambia, kidole kinatosha. Kumbe mpiga picha alitaka kukipiga picha kidole chenyewe kikiwa na wino. Phanice akabonyeza pale alipoonyeshwa. Akapewa soda na kipande cha sabuni, wageni wakaondoka, naye akavaa raba zake akarudi kwenye mawe.

Miaka ikapita. Kikohozi cha vumbi kilimtoa kwenye nyundo, akaingia biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Kila Alhamisi alikwenda Kisegi kununua kwa wavuvi, akarudi kuwauzia wachimbaji, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa uleule, wateja hawakumkosa. Nicholas naye alijifunza ufundi wa kuezeka nyumba. Binti yao mkubwa, Pauline, akafaulu, akapelekwa shule ya bweni Asumbi. Mdogo wake akabaki nyumbani. Watoto wao walikuwa hao wawili, basi.

Mwaka 2022 Pauline alitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Ukutani palikuwa na kalenda iliyoachwa na wageni waliopita, na kwenye ukurasa wa mwezi wa nane, akamwona mama yake. Peku, nyundo mkononi, macho chini. Chini ya picha paliandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ni Mary, mjane mwenye watoto saba, ambaye hajui kesho atakula nini.

Hilo la Mary hakulijali, wala watoto saba. Lililomchoma ni lile neno mjane. Akaamini baba amefariki na wamemficha asije akaharibu mitihani. Alimwendea matroni akilia hadi kamasi, matroni akampa simu, naye akabonyeza namba ya simu ya wazazi aliyoijua kwa kichwa.

Aliyepokea ni Nicholas.

"Baba? Uko hai?"

"Niko hai. Niko juu ya paa la watu. Kuna nini?"

Wiki iliyofuata Phanice alifunga biashara, akavaa gauni la kanisani, akamchukua Nicholas, wakaenda Homa Bay. Katika ofisi ya shirika walimkuta kijana aitwaye Elvis, aliyehusika na picha na habari, ambaye alikuwa amehamia kutoka Nairobi miezi mitatu tu iliyopita. Phanice akaiweka mezani ile kalenda, ambayo Pauline alikuwa ameiomba kwa mwalimu.

"Huyu ni mimi," alisema. Kisha akamwonyesha mumewe. "Na huyu ndiye marehemu."

"Pole sana, mama," Elvis alisema, halafu akamtazama Nicholas, asijue ile pole imwendee nani.

Nicholas akaipokea. "Asante," alisema. "Tumeshazoea."

Elvis akafungua kabati, akatoa faili. Fomu ilikuwemo, na kile kidole, cheusi, kimetulia. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hapa mama alikubali picha itumike popote, kwa maelezo yoyote, bila kikomo. Phanice akaivuta ile karatasi, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari, Kiingereza chake chote.

"Ningepewa niisome siku ile, ningeisoma," alisema. "Sasa niambie, huyu Mary alisaidia nini?"

Elvis akawa mkweli. Mary alikuwa amefanya vizuri kuliko picha zote za shirika. Kwa ajili yake watu wa mbali walichanga mpaka kisima kikachimbwa.

"Kisima kiko wapi? Osiri sijakiona."

"Kaunti nyingine, mama. Huko ilionekana kuna shida zaidi."

Phanice akaivuta ile kalenda, akamtazama Mary upya. Alikuwa amejiandaa kukasirishwa na uongo. Hakuwa amejiandaa kusikia kwamba ule uongo ulifanya kazi, tena kwa watu wengine.

Elvis hakumfukuza wala hakujitetea. Alisema shirika limepata sera mpya kuhusu namna ya kusimulia maisha ya watu kwa heshima, na mwezi ujao kuna semina ya siku mbili katika hoteli moja hapo mjini. Akamwomba aje.

Phanice alikuja. Kwenye kadi yake ya shingoni, penye nafasi ya jina, palikuwa pameandikwa Mwenye Simulizi. Wengine wote walikuwa na majina. Mwezeshaji, Bi Sumayya, mama mpole wa Nairobi mwenye miwani, alionyesha picha ukutani na kueleza kwamba anayesimuliwa lazima awe mstari wa mbele. Phanice alikuwa amekalishwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Kwa siku mbili alisikia neno heshima likitajwa mpaka likaanza kusikika kama jina la mtu asiyefika. Zamu yake ilipangwa kuwa ya mwisho, robo saa kabla ya chakula, na waliomtangulia wakala dakika kumi kati yake.

Aliposimama, samaki walikwisha kuanza kunukia.

"Sina mengi," alisema. "Mmesema mnataka kunipa sauti. Mimi sauti ninayo, muulizeni mume wangu. Mimi ningeomba tu, kabla hamjachapisha, mnisomee mlichoandika."

Wakapiga makofi, wakaenda kula. Bi Sumayya peke yake alibaki. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akafungua daftari.

"Rudia hilo la mwisho, mama," alisema. "Mimi nimefundisha siku mbili na sikulisema hata mara moja."

Ikaamuliwa picha mpya ipigwe, na Elvis akaja Osiri na kamera. Phanice alimngoja kwenye meza yake ya omena, amevaa kitenge kipya, Nicholas kando yake akiwa na shati la mikono mirefu. Elvis alikuwa amefundishwa vizuri kwenye semina.

"Mama, tabasamu kidogo. Tunataka ionekane una nguvu, una matumaini."

"Jino linaniuma tangu jana."

"Kidogo tu."

"Elvis, mtoto wangu. Mwaka ule mliniambia nisicheke, nami nilikuwa nacheka. Leo mnaniambia nicheke, na jino linauma. Nyinyi hamwezi kunikuta vile nilivyo hata siku moja?"

Elvis akashusha kamera. Akaikunja miguu akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akangoja. Mteja akaja, akabishania kipimo, Phanice akamjibu kwa Kijaluo jibu ambalo Elvis hakulielewa lakini foleni nzima iliangua kicheko. Hapo ndipo alipopiga picha.

Maneno ya chini ya picha Phanice aliyataja mwenyewe. Kwamba anaitwa Phanice Adongo. Kwamba mume wake yu hai na ndiye huyo. Kwamba aliponda mawe miaka sita na kifua hakijapona. Kwamba Osiri wanataka maji safi kwa kuwa wachimbaji wanatumia zebaki na watu wanaogopa inaingia vijitoni, si kwa kuwa yeye hajui kesho atakula nini. Kesho atakula omena.

Makao makuu wakajibu kwamba ni maelezo mazuri sana, na kwa ajili ya kumlinda mhusika, jina libadilishwe na uso ufichwe.

Elvis alimpigia simu kumweleza. Phanice alicheka mpaka jino likamkumbusha.

"Mkidanganya mnaonyesha uso, mkisema kweli mnauficha? Waambie nimekataa kulindwa."

Elvis akaandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa na mtu aliyekuwa likizo. Ya tatu aliisaini pamoja na Bi Sumayya, na jarida la shirika likatoka na jina kamili, uso na mume.

Michango ilikuwa michache kuliko ya Mary, na Elvis hakumficha.

"Wengine wameandika kuuliza Mary aliishia wapi," alisema.

"Wajibu ameolewa."

Lakini barua moja ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa kemia huko mbali, ambaye hakuuliza habari za Mary wala hakusema ameguswa moyo. Aliuliza maji ya Osiri yamepimwa lini, na nani, na majibu yako wapi. Katika shirika zima hakuna aliyejua. Akaandika tena. Akaandika mara ya tatu, kwa hasira, mpaka ikabidi watumwe watu wenye chupa kuja kuyapima. Majibu hayakuwa mazuri, na mwaka uliofuata shule ya msingi ikapata matangi ya kuvunia maji ya mvua, na siku ya kuyafungua aliitwa diwani, akaitwa mchungaji, wakaitwa wageni wa Nairobi. Phanice alisahaulika. Alikwenda hata hivyo, akauza omena getini.

Tangu hapo wanawake wa machimbo wakapatana: anayekuja na kamera akae kwanza, aeleze picha inakwenda wapi, na kilichoandikwa kirudi kusomwa kwa Kijaluo kabla ya kuchapishwa. Anayebadili nia aruhusiwe. Mashirika mawili yalikubali. La tatu lilisikiliza, likashukuru kwa unyenyekevu, likapanda gari lake na kwenda kwenye mashimo ya mbali zaidi, ambako hakuna mtu aliyekuwa akiuliza maswali.

Baada ya saa moja simu ya Phanice ikalia. Alikuwa Nyasuguta, mwanamke anayenunua omena kwake kwa jumla, mponda mawe wa huko huko mbali. Alinong'ona kwa Kiswahili, nyuma yake kukisikika mlango wa gari ukifungwa.

"Mama Pauline, kuna watu hapa. Wananiambia nivue viatu."

"Usivue. Wameleta karatasi?"

"Wameleta."

"Unaiona imeandikwa nini?"

"Mimi sijui Kizungu, dada."

Phanice alikuwa ameshaanza kufunika omena kwa turubai. Akamwita jirani amshikie meza, akaangalia kama bodaboda ya kwanza pale kituoni ina abiria.

"Waambie unangoja mtu wako," alisema. "Na wakikupa soda, kunywa, jua ni kali. Ila hiyo karatasi usiiguse mpaka nifike."