Vimulimuli wa Kopo la Maziwa

Harufu ya udongo mbichi kwenye chungu cha maua, hapa ninaposubiri usaili, imenirudisha utotoni, kijijini Suji. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, nami nilifuga vimulimuli kwenye kopo la maziwa lenye udongo mbichi, tangu wakiwa mayai. Yalipoanguliwa niliwalisha viwavi hao konokono wa mferejini, nikihofia hata kuwatazama sana kungewaua.

“Unafuga funza, wewe!” kaka alinicheka.

“Wasipoota mabawa kufikia Jumapili, nawamwaga,” mama akaamua.

Jumamosi giza lilipoingia nilifunua kopo. Kimulimuli mmoja akapanda kidoleni, akawaka, akaruka juu ya meko. Kaka aliduwaa, kisha akakimbilia uani akiwaita majirani: “Njooni muone! Mdogo wangu amefuga taa!”

Nilimfuata nimekumbatia kopo, kifua mbele.