Mwendo wa Saa Tisa

Mtaani walimwita Mama Sponji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, na vumbi la sponji halikumtoka nyweleni hata siku ya harusi. Mama yake mzazi aliishi mtaa wa pili, miguu imemwishia nguvu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Mama Sponji alikwenda kumwogesha, kumvisha na kumketisha kwenye kochi alilomtengenezea mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumpa pole ya safari.

Sasa mdogo wake, kitinda mimba, alikuwa njiani anakuja kwa ndege kutoka ng'ambo, na nyumba ya mama ilikuwa haikaliki. Mama aliikodolea macho simu, akifuata kindege kinachotambaa kwenye ramani. Kila jirani aliyebisha hodi alisomewa yaleyale: kilomita elfu saba na ushee, saa tisa angani, bila kutua popote.

"Saa tisa zote hizo kwa ajili yako?" alisema jirani mmoja. "Huyo ndiye mtoto. Kweli umezaa, mama."

Mama Sponji alikuwa amepiga magoti palepale, anampaka mama yake mafuta miguuni. Wivu ukamchoma. Yeye je, alizaliwa na jirani?

"Mama, na kwangu mpaka hapa ni mwendo gani?"

Mama akacheka, macho hayakutoka kwenye simu. "Kwako si hapo tu. Nani anapima ua wa nyumba yake?"

Haya, Mama Sponji alisema moyoni, kesho akuogeshe huyo wa saa tisa.

Na kweli kesho yake hakwenda. Alijifungia karakana akagongelea misumari kochi la mteja, hata pasipohitaji msumari. Aliwaza mdogo wake anavyodekezwa, zawadi zinavyofunguliwa, na jina lake yeye lisivyotajwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mwenyeji alikuwa anaugua. Jua lilipofika utosini uvumilivu ukamwisha. Akaenda, eti kufuata mkasi aliousahau.

Alimkuta mama kitandani, bado na nguo za kulalia. Kitinda mimba alikuwa amesimama na taulo mkononi, macho mekundu.

"Hataki nimguse, dada. Anasema mpaka uje."

Simu ilikuwa imelazwa kifudifudi. Mama alimtazama binti yake mkubwa toka juu mpaka chini.

"Huyu nilimngoja saa tisa, najua yuko wapi kila dakika," alisema. "Wewe nimekungoja tangu alfajiri, sijui uko wapi. Kumbe kwako ndiko mbali."

Aibu ilimshika Mama Sponji, na chini ya aibu, tuseme ukweli, alifurahi mpaka akajichukia. Akakunja mikono ya gauni.

"Mshike hapo kwapani," alimwambia mdogo wake, kisha akageuza nia. "Basi, acha. Wewe lete maji tu."